Sabuni, kisingizio na kipimo: namna ya kuwavuta wavuvi wa Kigoma wapime VVU

Alipita mbele ya turubai letu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na ndoo ya dagaa, mara ya pili bila ndoo, mara ya tatu akasimama na kuuliza, "Dada nesi, hapa mnapima presha?" Nikamwambia tunapima, karibu ukae. Akakaa, akanyoosha mkono, nikafunga kitambaa cha mashine. Presha yake ilikuwa ya kijana. Nilipokuwa nafungua kitambaa akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa ziwani, "Na hicho kingine pia, basi, maadamu nimeshakaa."

Maneno hayo mawili ya mwisho, "maadamu nimeshakaa", yamenifundisha kuliko semina nyingi. Yule bwana hakuhitaji kuelimishwa kuhusu VVU. Redio imemwambia, mabango yamemwambia, na kampeni ya Furaha Yangu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2018 kwa kuwalenga wanaume ilimwambia pia: pima, jitambue, ishi. Alichokosa ni sababu ya kukaa kwenye kiti ambayo angeweza kumtajia yeyote aliyemwona. Mwongozo huu ni wa kutengeneza sababu hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya vikundi vya jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na manesi wa zahanati za kandokando ya ziwa, lakini mtu wa machimbo ya Uvinza au wa mashamba ya tumbaku kule Urambo anaweza kuukata na kuushona upya umkae.

Kwanza, idhini

Hili tulimalize haraka. Huwezi kununua vipimo na kuanza kuchoma watu vidole. Nenda kwa mganga mkuu wa wilaya na mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, waeleze unataka kwenda mwalo gani (ufukwe ambapo mitumbwi hushusha samaki) na lini, wakupangie kituo cha afya kitakachotoa vipimo, watoa huduma waliofundishwa na daftari la kumbukumbu. Kisha mwone mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa wavuvi wa mwalo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15 na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Mambo hayo mawili yafahamike kwa kila mmoja kwenye timu yako, hata anayebeba maji.

Kaa mwaloni siku mbili bila kupima mtu

Usiruke hatua hii, hata kama mfadhili anakuharakisha. Kaa kwa mama lishe, kunywa chai, sikiliza. Usimwulize mtu "kwa nini hupimi?" kwa sababu utapewa jibu la darasani. Mwulize, "Mara ya mwisho ulipopima, ilikuwaje?" Hapo ndipo utasikia mambo.

Sisi tulisikia mambo manne yakirudiwarudiwa. La kwanza ni muda: zahanati inafungua asubuhi, na asubuhi ndiyo mvuvi anarudi majini, anagawana samaki na tajiri wa chombo, kisha analala. La pili ni macho ya watu: benchi la kusubiri linatazamana na barabara. La tatu, nesi ni shemeji wa mtu. La nne ndilo gumu zaidi, kwa sababu linafanana na busara: "Mke wangu alipimwa kliniki ya wajawazito, yuko salama, kwa hiyo na mimi niko salama." Si kweli. Wenzi wawili wanaweza kuwa na majibu tofauti kwa miaka. Lakini ukilijibu kwa hotuba, umempoteza. Liandike tu, tutalirudia kwenye maneno ya kusema.

Hofu ya majibu ipo pia, nani atakataa. Ila watu wengi waliotuambia "naogopa" walikuwa wameshawahi kupima. Kilichowashinda ni kufunga safari upya. Ndiyo maana naamini kupunguza usumbufu kuliko kupunguza hofu. Hofu haipunguzwi na mgeni aliyekuja na turubai.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, na wengi hukaa nchi kavu. Hizo ndizo siku zako. Wanashona nyavu, wanatengeneza injini, wanacheza bao na drafti, wana muda. Ukienda siku za giza utawakuta wamelala au wanahesabu fedha, na utarudi mjini ukiandika kwenye ripoti kwamba "mwitikio wa wanaume ni mdogo". Mwitikio haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kalenda.

Na tazama kalenda ya serikali pia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mialo ikabaki kimya. Aliyekuwa amepanga zoezi la Juni mwaloni alikuta mbwa na vichanja vitupu.

Saa nzuri kwetu imekuwa saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Kukiwa na giza kidogo, watu wanakuja wenyewe.

Panga meza kabla ya kupanga maneno

Hapa nitakaa kidogo, maana tumeharibu hapa zaidi ya popote.

Mara yetu ya kwanza tuliweka hema moja limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu "UPIMAJI WA VVU", likiwa na mlango mmoja unaotazama kijiwe cha bodaboda. Siku nzima walikuja wanawake wachache na mlevi mmoja. Mara ya pili tukaweka meza tatu zilizofuatana: ya kwanza presha na uzito, ya pili kipimo cha haraka cha malaria na sukari, ya tatu ndani ya turubai, mazungumzo ya faragha na mnasihi. Bango likasema "Pima afya yako, bure". Aliyekaa meza ya kwanza alikuwa ameshaanza safari ya kwenda ya tatu, na mtu yeyote nje alimwona tu akipima presha.

Lakini kuna jambo dogo lililotuponyoka, na mwanamke mmoja muuza mawese ndiye aliyetuonesha. Alisema, "Mnatangaza majibu bila kujua. Anayetoka upesi hana, anayekawia anayo." Alikuwa na haki. Mtu ambaye kipimo cha kwanza kimeonesha maambukizi lazima arudiwe kwa kipimo kingine cha kuthibitisha, kisha apewe nasaha, na hayo yanakula muda. Waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanahesabu dakika.

Dawa yake ni hii: kila mtu akae ndani muda unaokaribiana. Asiye na maambukizi naye ana mengi ya kuzungumza: kondomu, mwenzi wake, dawa kinga kwa aliye kwenye hatari kubwa, tarehe ya kurudi kupima. Kama amekutana na hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, kipimo cha leo kinaweza kisioneshe, na hilo halielezwi kwa dakika moja. Weka mlango wa kuingilia upande mmoja na wa kutokea upande mwingine, unaoelekea kwenye vichaka au nyuma ya nyumba, ili anayetoka asipite mbele ya benchi akiwa na uso wake.

Badilisha swali

Kwenye meza ya tatu tulikuwa tunauliza, "Je, ungependa kupima VVU?" Swali hilo linamtaka mtu aseme ndiyo, yaani ajitangaze. Sasa mnasihi anasema hivi: "Kaka, hapa tunamalizia na kipimo cha VVU kama tunavyofanya kwa kila anayefika. Ni tone la damu kidoleni, majibu unayapata hapa hapa, ni siri yako. Kama hutaki leo, niambie tu, hakuna ubaya." Halafu ananyamaza, anasubiri.

Kupima kumekuwa jambo la kawaida, na kutopima ndiko kunakohitaji kusemwa. Ni msukumo mdogo, lakini una nguvu, na kwa sababu una nguvu una hatari yake. Kimya si ridhaa. Mtu akitikisa kichwa, akivuta mkono, akisema "sijui", umeshapewa jibu. Nimemwona mtoa huduma akishika kidole cha mzee huku akiendelea kuongea kana kwamba ameruhusiwa. Tulimtoa mezani siku hiyo hiyo.

Kwa yule wa "mke wangu yuko salama", usibishane. Sema, "Vizuri sana, mama ametangulia. Basi na wewe pata karatasi yako." Wanaume wengi huinuka hapo.

Na acheni kusema kwenye kipaza sauti kwamba "wanaume wa Kigoma hawataki kupima". Mnadhani mnawaonya, kumbe mnawapa taarifa kwamba wenzao wote hawapimi, kwa hiyo wao ni wa kawaida. Kama jana watu 40 walipita mezani, sema hilo: "Jana watu 40 wa mwalo huu walipita hapa." Idadi ikiwa ndogo, nyamaza. Usiibuni.

Zawadi: ndogo, ya hakika, iliyofungwa

Watu huuliza kama si kununua utu wa mtu. Swali zuri. Tutazame kwanza kilichoonekana kwingine.

Mwaka 2004 mtafiti Rebecca Thornton alifanya kazi vijijini Malawi. Watu walipimwa majumbani, kisha wakapewa vocha za thamani tofauti, wengine za sifuri, za kuchukua iwapo wangefuata majibu yao kituoni. Bila kitu, kama 34 kati ya 100 ndio waliofuata. Waliopewa chochote walifuata mara mbili ya hapo, na hata kiasi cha sehemu ya kumi ya ujira wa siku kilitosha kuwainua wengi. Umbali nao ulihesabika: aliyekaa mbali kidogo na kituo alienda kwa shida zaidi. Kama mtu angekuwa anakwepa majibu kwa hofu kuu, asingeyafuata kwa senti. Alikuwa anakwepa jua, mwendo na macho ya jirani. Vocha ilimpa la kusema njiani: "Naenda kuchukua hela yangu."

Huko Zimbabwe vijijini, vitu vidogo vya nyumbani vilipotolewa kwa wenzi waliokuja kupima pamoja, waliokuja wawili wawili walipanda kutoka kama 10 kwa 100 hadi zaidi ya 50. Malawi tena, akina mama wa kliniki walipewa vipimo vya kujipima wawapelekee waume zao. Pale palipoongezwa dola 3 kwa mume atakayefika kituoni, waliopima na kufika walikuwa kama 41 kwa 100, na kwa dola 10 walikuwa 52, dhidi ya 13 walioletwa na barua ya kawaida. Bahati nasibu iliyojaribiwa sambamba ilifanya vibaya hadi ikaachwa katikati.

Hiyo ya bahati nasibu hainishangazi. Mwaloni kila mtu ameshachezewa pata potea. Ukimwambia "pima, huenda ukashinda redio", anasikia utapeli. Mpe kitu kidogo cha hakika.

Sisi tunatoa kipande cha sabuni ya kufulia na kiberiti. Thamani yake ni chai na vitumbua, si zaidi. Kanuni yangu: zawadi iwe kubwa ya kutosha kumpa mtu kisingizio, iwe ndogo kiasi kwamba mwenye shida ya njaa asijisikie hana budi. Fedha taslimu nazikwepa. Zinaleta foleni ya watoto, ugomvi wa zamu, na watu wanaopima mwalo huu leo na mwalo wa pili kesho.

Zifungwe kwenye bahasha au mfuko wa kaki, zote zifanane. Tuliwahi kutoa fulana zenye utepe mwekundu, eti za motisha. Hakuna aliyezivaa isipokuwa watoto wadogo, na mama mmoja alipigiwa kelele na mumewe kwa kuikuta fulana nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna nembo, hakuna maandishi.

Sasa, anapewa kwa kitu gani? Hapa tumetofautiana na wengi. Mfuko anapewa kila aliyemaliza meza tatu, pamoja na aliyekaa na mnasihi kisha akakataa kupima. Najua tunapoteza nguvu kidogo ya zawadi. Lakini tunapata mambo mawili. Aliyekataa anatoka na mfuko ule ule, hakuna wa kumnyooshea kidole. Na mtu ambaye tayari anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, halazimiki kuficha hali yake na kupimwa upya ili apate sabuni. Mnasihi amwulize kwa upole, faraghani, kama kuna dawa anayomeza kila siku. Akisema ndiyo, wanaongea kuhusu kliniki yake, wanaagana, mfuko mkononi.

Mipaka isiyovukwa: zawadi haitolewi kwa majibu ya aina fulani, na mtoa huduma halipwi kwa idadi ya waliokutwa na maambukizi. Kuna utafiti uliofanyika Ifakara uliowalipa vijana fedha wakiendelea kutokuwa na magonjwa ya zinaa yanayotibika, na waliolipwa zaidi walipungukiwa na maambukizi. Tazama vizuri: magonjwa *yanayotibika*, na aliyekutwa nayo alitibiwa na kuendelea. Kumlipa mtu kwa kutokuwa na VVU kungekuwa kumwadhibu mgonjwa.

Aliyesema "kesho"

Usimwache aondoke na "kesho" tupu. Mwulize: kesho saa ngapi? Utakuwa unatokea wapi? Utamwachia nani nyavu? Akijibu hayo matatu, mwandikie kwenye kikaratasi: "Alhamisi, saa kumi, turubai la afya". Mtu aliyeipanga safari kichwani huifunga kirahisi zaidi. Ukimtumia ujumbe wa simu, uandike bila kutaja VVU, maana simu za kambini husomwa na watu wanne: "Habari, nesi wa turubai anakukumbusha mlivyokubaliana leo saa kumi."

Kipimo cha kujipima

Kwa nahodha anayeondoka jioni hiyo hiyo kwenda Kalya, kipimo cha kujipima kwa mate ya kwenye fizi ni msaada mkubwa, kama kituo chako kinavyo. Mwoneshe mara moja, kisha mwambie akurudishie maelezo kwa mdomo wake. Asile wala kunywa kwa nusu saa kabla ya kupima. Apitishe kile kijiti kwenye fizi za juu mara moja na za chini mara moja, akiweke kwenye maji yake, asubiri dakika 20 na asisome baada ya 40. Mstari mmoja penye herufi C ya kipimo: hakuna maambukizi yaliyoonekana. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu: aende kituoni akathibitishiwe, asianze kujihukumu. Kama anameza ARV, asitumie, kinaweza kumdanganya.

Asipewe mke ampelekee mume kabla hujamwuliza mama mwenyewe kama nyumbani kuna amani. Akisita tu, rudisha kipimo sandukuni.

Aliyekutwa na maambukizi

Kazi yote ya sabuni na mwezi ni bure kama mtu huyu atatoka peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye VVU nchini, kama 83 walijua hali zao, na katika hao wanaojua, karibu 98 walikuwa kwenye dawa. Maana yake mlango uliobana ni wa kujua. Akishajua, wengi huingia. Ila mwaloni huyu mtu kesho anaweza kuwa upande wa pili wa ziwa.

Kwa hiyo dawa zianze mapema iwezekanavyo, siku hiyo hiyo akiwa tayari. Kuwe na mtu wa kumsindikiza hadi CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ikiwezekana mvuvi anayeishi na VVU na aliyekubali mwenyewe kufanya kazi hii. Mtafuteni kupitia kikundi cha WAVIU, watu wanaoishi na VVU, cha halmashauri. Nauli ya boti au bodaboda ya safari ya kwanza iwemo kwenye bajeti, na hapa sioni haya kutumia fedha nyingi kuliko ya sabuni. Mwulize husimama mialo ipi, umwandikie vituo vinavyotoa dawa njiani, na aombe dawa za miezi kadhaa kadiri kliniki itakavyoruhusu. Jambo la kumwambia siku ya kwanza, kabla hajainuka: akimeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Wengi hawajawahi kulisikia, na nimeona mabega yakishuka.

Hesabu zinazofaa

Idadi ya waliopima peke yake itakudanganya, kwa sababu wanaopenda kupima watapima kila ukija. Andika pia wangapi wanapima kwa mara ya kwanza maishani, wanaume wangapi, na katika waliokutwa na maambukizi wangapi wamechukua dawa mara ya pili. Hiyo ya mara ya pili ndiyo naitazama kwanza. Ukiwa na mialo miwili inayofanana, jaribu kuacha zawadi kwenye mmoja na kubakiza meza tatu na saa za jioni. Ukikuta tofauti ni ndogo, okoa sabuni.

Mkifunga turubai, mwachieni mwenyekiti tarehe ya mwezi mpevu unaofuata, muiandike kwa chaki ubaoni kwenye ofisi ya kijiji. Kisha mrudi tarehe hiyo, na mnasihi yule yule. Tulikosa kurudi mara moja kwa sababu ya mafuta ya gari, na ilituchukua miezi mitatu kumpata tena mtu wa kukaa kwenye kiti cha kwanza.